Mti usioutaka: utoe wote au uache usimame

Mti ulioota pabaya hauna kosa. Mbegu iliangushwa na ndege, au mche ulipandwa na mtu aliyehama zamani, na leo mizizi imeinua sakafu ya kibaraza, majani yanaziba mfereji wa paa, na chini yake hakioti kitu. Mwenye nyumba ana kila haki ya kuuchoka. Ninachogombana nacho mimi ni ile suluhu ya nusunusu iliyozoeleka: anaitwa kijana mwenye chenso, anapanda, anaukata mti kichwa, anapokea chake na kwenda zake. Linabaki shina tupu, anga inaonekana, na kila mtu anaamini kazi imekwisha.

Haijakwisha. Kati ya yote yanayoweza kufanyiwa mti usiotakiwa, kuukata kichwa naliona ndilo baya zaidi. Mti huhifadhi chakula chake kwenye mbao za shina na mizizi. Ukiuondolea majani yote kwa mara moja, unaamsha macho yaliyolala chini ya gome, na yote yanachipua kwa pamoja kwa pupa ya kutafuta mwanga. Haupiti muda mrefu mti unarudi na kilemba cha machipukizi kizito kuliko matawi ya mwanzo. Kivuli ni kilekile, majani mfereji wa paa unayapata kama kawaida, ila sasa kuna hatari ambayo haikuwapo.

Tawi la asili huanza likiwa changa na mti ukiwa mchanga, kwa hiyo mbao zake zimesukana na za shina tangu ndani. Chipukizi la mti uliokatwa kichwa limejishikiza kwenye tabaka za nje tu. Wakati huohuo, pale msumeno ulipopita, mbao zinakauka na kupasuka, maji yanaingia, kuvu inafuata, na uozo unateremka taratibu ndani ya shina. Miaka kadhaa baadaye chipukizi ni nene kama paja la mtu mzima, na limesimama juu ya shina linalooza. Ukipata nafasi ya kuliangalia tawi la namna hiyo baada ya upepo kuliangusha, tazama mahali lilipokuwa limeshika: utaona kibanzi chembamba cha mbao mbichi upande mmoja, na kando yake unga wa kahawia unaopukutika ukiugusa kwa kidole. Hicho kibanzi ndicho kilichokuwa kimelishikilia juu ya paa lako.

Ndugu wa kosa hilo ni kukata mizizi mikubwa ya upande wa nyumba ili kuiokoa sakafu. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko karibu na uso wa ardhi, ndani ya sentimita 60 hivi za juu, na husambaa kupita mwisho wa matawi. Ile minene iliyo karibu na shina ndiyo inayoushikilia mti. Ukiikata upande mmoja, umeachiwa mti uleule, mzito vilevile, wenye mguu mmoja.

Basi amua. Kama kinachokukera ni kivuli au matawi yanayogusa bati, huenda mti hauhitaji kuondoka. Toa matawi ya chini ili mwanga upite, punguza yaliyosongamana, na usizidishe robo ya majani kwa mwaka. Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, msumeno uingie theluthi tu. Kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lidondoke bila kuchuna gome la shina. Mwisho unaondoa kile kipande kilichobaki, nje kidogo ya pete iliyovimba pale tawi linapotokea. Pete hiyo usiiguse, maana ndiyo inayofunga jeraha. Na rangi au lami ya kupaka kwenye jeraha, achana nayo. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyepasua miti mingi kwa msumeno kuona kilichomo ndani, alionyesha kwamba mti hauponyi mbao zilizoumia. Unazizungushia ukuta na kuendelea kujenga mbao mpya nje yake. Rangi haizuii uozo, inauficha tu.

Kama umeamua uondoke, anza kufikiria kisiki kabla hujafikiria shina. Kuangusha mti kuna kelele na hofu, lakini ni kazi ya siku moja. Kisiki kinaweza kukusumbua kwa miaka. Mkaratusi, lusina na mwarobaini hukatwa leo na kurudi na mashina mengi badala ya moja. Mnazi haurudi, kwa kuwa una ncha moja tu ya kukulia na ikishaondoka umekufa; misonobari mingi nayo hairudi. Kuujua mti wako kunakuokolea jasho jingi. Ukiwa bado mche, ung'oe ardhi ikiwa imelowa, na mzizi wake. Samaki mkunje angali mbichi.

Njia ya uhakika ni kuchimba: sururu, mtarimbo, shoka la kukatia mizizi, na mgongo wa mtu. Ndiyo maana nawashauri watu waache shina refu kidogo, la kufika kifuani, mpaka mizizi ikatwe; linasaidia sana wakati wa kulisukuma. Ukilikata usawa wa ardhi kwanza, huna tena pa kushika.

Pasipochimbika, kuna dawa ya kuua magugu kama glifosati, na hapa wengi hukosea pa kupaka. Tazama kisiki kilichokatwa sasa hivi: kati ya gome na mbao kuna mstari mwembamba wenye unyevu. Hapo na pembeni yake ndipo penye uhai, katikati ni mbao zilizokwisha kufa. Dawa hupakwa kwenye ukingo huo, ndani ya dakika chache baada ya kukata, kabla haujakauka. Fuata maelezo ya kibandiko na vaa glavu. Kama jirani au wewe mwenyewe una mti wa aina hiyohiyo karibu, usitumie dawa kabisa: mizizi ya miti ya aina moja huweza kuungana chini kwa chini, na dawa ikavuka kwenda kuua usiyemkusudia. Chumvi, oili chafu na maji ya betri viache. Vinaharibu udongo ambao baada ya hapo utataka kuulima, na kisiki chenyewe kinaweza kuchipua vilevile.

Asiyetaka dawa anaweza kukata machipukizi kila yanapotokea, bila kuyapa nafasi ya kutanua majani, mpaka akiba ya mizizi iishe. Inafanya kazi. Inataka mtu asiyesafiri sana.

Kuna pia wanaobandua gome kuzunguka shina lote na kuuacha mti ufie wima. Majani yanaendelea kupata maji, lakini sukari haishuki tena, na mizizi hufa njaa polepole. Kwa mti ulio mbali kabisa na watu, sawa. Karibu na nyumba sishauri, maana mti mkavu huangusha matawi bila taarifa.

Mawili ya haraka. Mti unaogusa nyaya za umeme si wa kwako kuukata, waite wanaohusika na nyaya. Na mnyaa ukikatwa, utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaweza kumpofusha mtu kwa muda. Wengi hufikiri ni maziwa ya mti tu.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kwenye udongo wa mfinyanzi, mti mkubwa umekuwa ukinyonya maji mengi kwa miaka. Ukiuondoa, udongo unaweza kurudisha maji hayo, ukavimba na kuinua msingi wa nyumba, hasa kama nyumba ilijengwa mti ukiwa tayari mkubwa. Ukiona kuta zimeshaanza nyufa, muulize mtu wa ujenzi kabla ya mtu wa chenso.

Na huyo wa chenso, kabla hajapanda, muulize swali moja: kisiki utakifanyaje? Akikwambia hilo tutaliona baadaye, tafuta mwingine.