Mtoto aliyekonda apewe dozi ndogo?

Wanaotaka dawa ipunguzwe kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali wana hoja. Kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria, husafishwa na ini, na ini la mtoto aliyekosa lishe huchelewa, dawa ikarundikana hadi kuumiza uboho. Gentamisini, nayo dawa ya bakteria, hutoka kwa figo. Figo zikichoka, masikio ndiyo yanayolipa.

Ila wengi hapo huruka hadi "mwili dhaifu, dawa kidogo", na hapo ndipo ninapoachana nao.

Tuseme mtoto mwenye unyafuzi, utapiamlo unaovimbisha mwili, ana kilo 8. Mwongozo wa WHO ni gentamisini miligramu 7.5 kwa kilo, yaani miligramu 60: mililita 1.5 kutoka kwenye ile chupa ndogo ya miligramu 80 kwa mililita 2. Ukimbonyeza mguuni, kidole kinaacha shimo. Pengine kilo nzima ni maji, basi muuguzi mwangalifu anaiondoa kwenye hesabu na kuvuta mililita 1.3. Inaonekana busara. Lakini gentamisini hufuata maji: mwilini mlimovimba hutawanyika, na kiasi cha juu kinachofikiwa kwenye damu hushuka. Ile kilo aliyoiondoa ndimo dawa inamoishia. Na mtoto huyu anaweza kuwa na bakteria kwenye damu bila hata homa ya kumshtua mtu. Figo zikitiwa shaka, nafuu ni kuangalia muda kati ya sindano na sindano kabla ya kugusa kipimo chenyewe.

Kilifi, Kenya, watafiti waliwapima watoto 52 wenye utapiamlo mkali waliomezeshwa siprofloksasini, dawa nyingine ya bakteria. Matokeo yalichapishwa 2011: dawa ilifyonzwa hata ikitolewa pamoja na chakula, na kipimo walichokiona kinafaa ni miligramu 10 kwa kilo mara 3 kwa siku, si 2 zilizozoeleka. Utumbo tuliodhani umekufa ganzi ulikuwa unafanya kazi.

Najua zahanati yenye muuguzi mmoja usiku haihitaji majedwali matano ya dozi ukutani. Jedwali moja linatosha, mradi namba zake zitoke kwenye dawa iliyopimwa katika damu ya watoto hawa. Kwa kifua kikuu namba zilishabadilishwa: 2010 WHO ilipandisha dozi ya rifampisini, dawa ya ugonjwa huo, kwa watoto kutoka miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kwa sababu kipimo cha zamani kiliacha dawa kidogo mno kwenye damu yao.