Helikopta ya rimoti ya dogo: ulizia spea kabla ya bei

Wazazi wenzangu, mashangazi na wajomba mnaozunguka Kariakoo kutafuta zawadi ya kijana wa kidato cha kwanza au cha pili, naombeni mnisikilize kwenye hii ishu ya helikopta za rimoti, maana hela nyingi inapotea na vijana wanakata tamaa bure. Mtu akifika dukani anaangalia kwanza ukubwa wa boksi, alafu anauliza bei, basi. Swali lenyewe la kuuliza ni hili: ikivunjika, spea zake zipo?

Kwasababu itavunjika, hilo halina ubishi. Gari la rimoti likigonga ukuta unapiga rivasi mnaendelea, helikopta ikigusa hata pazia inakuja chini, na kijana anayejifunza ataidondosha leo, kesho na keshokutwa, ndo kujifunza kwenyewe huko. Kitakachoumia mara nyingi ni mapanga, kile kijipanga cha mkiani, shafti na gia ndogo za plastiki. Kama vitu hivyo vinauzwa pekeake dogo anachukua bisibisi anabadilisha mwenyewe mezani, na mimi naamini kabisa hapo ndo zawadi inapoanza, anajua gia inakaaje, mota inazungusha nini, kwanini panga likipinda kidogo tu mashine nzima inatetemeka. Kama haviuzwi, umenunua kitu cha wikiendi moja.

Ukubwa unadanganya sana. Yale madude marefu ya bei poa, mengi ni chaneli tatu tu, yaani kupanda na kushuka, kugeuka kushoto na kulia, na kwenda mbele na nyuma, hayana uwezo wa kusogea kiubavu. Sasa yakipigwa na upepo huna cha kuyafanya, unayatazama yanaenda kwa jirani, na yakidondoka uzito wake wenyewe ndo unayamaliza. Kadogo kanakokaa kwenye kiganja kanaanguka kwenye zulia kanainuka tena, hakana uzito wa kujivunja.

Kwenye hivyo vidogo kuna makundi mawili. La kwanza ni zile zenye mapanga mawili yamepandana juu, moja linazunguka huku lingine kule, kila moja linafuta nguvu ya mwenzake ya kutaka kuzungusha mwili, kwahiyo zinatulia hewani hata ukiwa mgeni kabisa (Kamov za Urusi, helikopta za kweli, nazo zina mapanga ya namna hiyo hiyo). Syma S107G ndo maarufu zaidi hapo, chaneli tatu, ina jairo, kile kifaa kinachohisi ikianza kuzunguka kikaituliza, bodi yake ina chuma. Kwa mtoto wa miaka tisa kumi ningesema chukua hiyo. Ila rimoti yake inatumia miale ya infraredi kama ya tivii, na jua la Dar linaizidi nguvu, ukitoka nayo nje mchana haisikii unachoiambia. Ni ya sebuleni hiyo, na zima feni kabisa kabla haijapaa, sio tu kwamba itagongwa na mapanga ya feni, ule upepo wake peke yake unaisukuma ukutani.

Kijana wa miaka kumi na tatu kwenda juu mimi nasema mpe kundi la pili, la chaneli nne (hiyo ya nne ndo ya kusogea kiubavu), panga moja juu na dogo mkiani, mpangilio ule ule mhandisi Igor Sikorsky alioupaisha Marekani mwaka 1939 na ndio uliopo kwenye helikopta nyingi tunazoziona angani mpaka leo. WLtoys V911 ni mfano mzuri, nyepesi, rimoti yake ni ya redio ya gigahezi 2.4 kwahiyo jua haliisumbui, betri inachomoka unaweka nyingine. Itamsumbua mwanzoni, hasa ikigeuza pua ikamtazama yeye, kushoto kunakuwa kulia, vidole vinachanganyikiwa. Ndio maana aanze kwa kuiacha mkia uelekee kwake, aishikilie tu isiende popote, chini chini, mpaka mikono izoee. Ile ya chaneli tatu kijana wa umri huu anaimaliza mapema sana, anaiweka juu ya kabati.

Kuna watu watakwambia mnunulie ile kubwa ya kweli kweli ya mapanga ya kaboni ili akue nayo. Hapana jamani, hapana. Zile mapanga yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 2000 kwa dakika, na mwaka 2013 kule New York kijana wa miaka 19 alifariki baada ya kupigwa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti, na alikuwa mzoefu. Hiyo sio zawadi ya kumpa mtu anayeanza.

Kuhusu wapi pa kurushia, asubuhi mapema kabla upepo wa baharini haujaamka, kiwanja cha nyasi, mbali na nyaya za umeme na wapita njia. Ufukweni msiende nayo, najua Coco panavutia, ila mchanga ukiingia kwenye gia na mota zile ndogo ndo basi tena, na chumvi nayo inakula vyuma.

Betri ndo pa kuwa mkali. Ni za lithiamu, zinarusha dakika chache tu, kwahiyo kijana atataka kuchaji muda wote, na vijana wetu wanachomeka kitu wanaenda kulala. Achaji akiwepo, mezani sio kitandani, betri ikivimba isitumike tena hata kama bado inarusha, na isiachwe ndani ya gari lililopaki juani. Akimaliza kurusha aiache ipoe kwanza ndo aichomeke.

Kwahiyo ukifika dukani mwambie muuzaji afungue boksi, aipaishe mbele yako, alafu akuonyeshe mapanga, gia, betri ya ziada na mkia wa modeli hiyo hiyo. Akisema spea hana ila anaweza kuagiza, muulize mara ya mwisho aliagiza lini, akianza kuzunguka nenda duka linalofuata. Akiwa nazo, nunua seti mbili za mapanga na betri moja ya ziada siku hiyo hiyo, hata kama itabidi ushuke kwenye helikopta ya bei ndogo zaidi.