Abushiri wa Pangani: shujaa, au tajiri aliyeguswa mfuko?

Ukitajwa Pangani, ule mji wa pwani ya Tanga, mazungumzo hayachelewi kufika kwa Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, wakamnyonga palepale mjini tarehe 15 Desemba 1889, na hapo watu hugawanyika. Kuna wanaosema shujaa basi yameisha, kuna wanaosema acheni bwana, yule alikuwa na shamba la miwa na watumwa, alipigania mali yake. Mi naona wote wana hoja, ila wote wamemkodolea macho mtu mmoja wakati mji ulikuwa na watu kibao.

Hasira zenyewe zilikuwa na haki, hilo sibishi. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kushika forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, Pangani wakamleta Zelewski, mtu wa kampuni, jeuri kwelikweli, akalazimisha bendera ya kampuni ipande, mpaka msikitini wakaingia na mbwa, tena kipindi cha Idi. Hebu fikiria, mji una majumbe wake, yaani wakubwa wa mji, majahazi yanaingia mtoni, pembe za ndovu zinashuka kutoka bara, halafu mgeni wa juzi anakwambia kuanzia leo ushuru unamlipa yeye. Watu wakainuka, ndiyo vita vyenyewe.

Ila huo uungwana wa wakubwa wa mji ulikuwa umekalia nini? Miwa ya kando ya mto ililimwa na watumwa, na 1873 waliasi wakatoroka mashambani, miaka 15 kabla ya Zelewski. Kwa hiyo ukiniambia vita vya 1888 vilikuwa vya uhuru nakuuliza uhuru wa nani. Na wanaodhani Abushiri alimpigania Sultani nao wamekosea, yeye ni wa ukoo wa Maharthi, na Maharthi na Mabusaidi, ukoo wa Sultani, wana ugomvi wao wa siku nyingi.

Mimi kinachonizuia nisimfute kabisa ni ule umati. Waliojazana mjini siku zile si matajiri tu, walikuwepo wapagazi, watu wa bara, hata watumwa, na wakati wakubwa wa mji wanapima maneno wao walishachemka. Abushiri aliuongoza moto ambao hakuuwasha peke yake. Kwa hiyo mwite mwenye watumwa, ni kweli, lakini vita usimpe vyote yeye, wala usivibeze kwa ajili yake.

Faida hakuiona yeyote, si tajiri wala mtumwa. 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli, wakaianzia Tanga, biashara ya bara ikahamia huko, Pangani ikabaki na minazi, mkonge, boma lake na kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto.

Halafu kuna wale wanaosema angalau Mjerumani alikuja kukomesha utumwa. Ni kweli bunge lao 1889 lilitoa marki milioni 2 za vita kwa jina hilohilo. Lakini utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria 1922, Mjerumani keshaondoka, anatawala Mwingereza.