Pedali stili ikichoma masikio, usikimbilie kuuza amplifaya

Jamani mi inaniuma sana kuona mtu anauza amplifaya nzima kabisa eti sababu pedali stili yake (gitaa la kulaza lenye pedali za miguu, unalipiga kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi) inachoma masikio akipanda freti ya 12, yani mstari wa 12 wa noti, anasema spika mbovu, anabadilisha pikapu (kile kinachonasa sauti ya nyuzi), ananunua amplifaya nyingine, na bado inachoma vilevile. Kinachotokea ni kwamba anahangaika na trebo, ile nobu ya sauti kali za juu. Anaishusha mpaka stili inasikika kama imefunikwa blanketi na pale panapouma pako palepale, maana pako kwenye midi, sauti za kati.

Chukua stili ya nyuzi 10 iliyotuniwa E9, ule mpangilio wa nyuzi unaoitwa wa Nashville. Uzi wa tatu ni G#, ukiupiga wazi unatoa kama hezi 415, peleka chuma freti ya 12 inakuwa mara mbili, 830 hivi. Uzi wa kwanza hapo ni 740, wa nne 659. Yani melodi yako yote ya huko juu imejazana kati ya 650 na 850, sasa amplifaya nayo ikisukuma hapohapo unategemea nini? Ndo maana amplifaya ya Peavey Nashville 400, ile ya spika ya inchi 15, ina nobu iliyoandikwa Shift ya kuchagua masafa na nyingine ya kuyapunguza au kuyaongeza, na wapiga stili wengi wanaweka Shift kwenye 800 halafu wanakata. Nawaunga mkono kabisa. Acha besi na trebo katikati, kata midi kwanza, sikiliza, ndo uguse vingine.

Kwenye amplifaya ya Fender Twin Reverb hakuna Shift, mi naanza na midi kwenye 3, trebo 5, swichi ya Bright nazima.

Halafu volyumu, hapa ndo watu wanajinyima wenyewe. Unachomoa noti pedali ya volyumu (ile ya mguu ya kupandisha na kushusha sauti) ikiwa kama nusu, noti ikianza kufa mguu unaifuata polepole mpaka mwisho, ule mlio mrefu wa stili unatoka hapo, sio kwenye riverbu, ule mwangwi wa amplifaya. Ukiweka sauti ya amplifaya chini unajikuta umeshakanyaga pedali yote kabla hata hujachomoa noti, akiba imeisha. Pandisha sauti ya amplifaya, mguu ndo uzuie. Wati 85 za Twin ya miaka ya 60 sio za kelele, ni za kubaki safi wakati mguu unasukuma.

Ila sio kila muziki unataka kukatwa hivyo. Akina Robert Randolph waliotokea kanisa la House of God kule Marekani wanataka stili ikwaruze, ilie kama muimbaji. Na Demola Adepoju alivyokuwa akipiga stili kwenye muziki wa juju na King Sunny Adé kule Nigeria, stili katikati ya magitaa mengi na ngoma zinazoongea, mi pale nisingekata midi sana, ingemezwa.

Na usiamini nobu ulivyozipanga chumbani. Mpiga stili anakaa, amplifaya iko nyuma yake chini, anachosikia yeye sio kinachofika mbele. Mi nikifika ukumbini namuomba mtu akae kwenye kiti changu avute uzi wa tatu freti ya 12 bendi ikiwa inapiga, nasimama mita tano mbele, halafu ndo narudi kugusa ile midi.