Herufi ikiguswa, inasema nini?

Mzazi akinionyesha programu mpya ya kumfundisha mwanawe herufi, mimi huuliza swali moja tu: herufi ikiguswa, inatoa sauti gani? Rangi zinavutia, wanyama wanaorukaruka wanachekesha, lakini hayo ni mapambo.

Programu nyingi zilizojaa kwenye simu zetu zilitengenezwa kwa ajili ya mtoto atakayesoma Kiingereza. Mtoto akigusa A anasikia "ei". Akigusa E anasikia "ii", na I inakuwa "ai". Wazazi hufurahi sana mtoto anapoimba herufi zote ishirini na sita bila kukwama. Haya, sasa mwekee neno "kiti". Kwa majina aliyofundishwa ni "kei-ai-tii-ai". Ni sikio gani litaunganisha hayo likapata kiti? Na kwa kuwa E kwake ni "ii", neno "meza" atalisoma "miza", na hatakuwa amekosea. Amesoma vile alivyofundishwa.

Hili linaniudhi kwa sababu Kiswahili ni rahisi kusoma kuliko Kiingereza kwa mbali. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, iwe mwanzoni mwa neno au mwishoni. Mtoto akishashika sauti hizo na kuziunganisha na konsonanti, ba, be, bi, bo, bu, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo, maana A yake hubadilika kutoka neno hadi neno. Sisi tunapakua mzigo wake na kumtwisha mtoto wetu.

Zipo pia zilizotafsiriwa juu juu. Sauti ni ya Kiswahili, lakini A bado imewekewa picha ya tufaha, na Q na X zimo japo hakuna neno la Kiswahili la kuzifanyia kazi. Kwa upande mwingine ch, sh, ny, ng', dh na gh hazimo kabisa. Mtoto anamaliza hatua zote, anapigiwa makofi, halafu "ng'ombe" inamshinda.

Sisemi kioo hakifundishi. Global Learning XPRIZE, shindano la timu zilizotengeneza programu za kuwafundisha watoto kusoma, lilipeleka vishikwambi kwa watoto wapatao elfu tatu katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi kumi na mitano, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana tuzo kuu ya dola milioni 10. Programu zao ziliwafundisha watoto hao kwa Kiswahili, lugha ambayo walitakiwa kuisoma. Lakini tusome matokeo hayo kwa makini. Kishikwambi kilichukua nafasi iliyokuwa wazi. Mtoto mwenye mtu mzima anayeweza kukaa naye akamsomea hana pengo hilo, na ni ajabu kumtengenezea moja kwa makusudi.

Jambo jingine ni kidole. Programu karibu zote humtaka mtoto afuatishe vidoti mpaka herufi itokee, na mzazi akiona hivyo anadhani mtoto anaandika. Mwaka 2012 watafiti Karin James na Laura Engelhardt waliwachunguza ubongo watoto wa miaka mitano ambao bado hawajui kusoma. Sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka kwa herufi ambazo watoto walikuwa wameziandika wenyewe kwa mkono, si kwa zile walizozichapa wala walizofuatisha. Ule mstari uliopinda, R inayofanana na K, ndio kazi yenyewe. Mpe penseli, au kijiti na mchanga.

Kuhusu muda sina mengi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Linalonisumbua zaidi ni nyota za pongezi. Mtoto akipewa majibu matatu ya kuchagua, hagundui herufi. Anagundua kwamba akibonyeza yote matatu haraka haraka, moja litashangiliwa. Kwa hiyo usiamini ripoti ya programu inayokwambia mtoto amefika hatua ya kumi. Chukua gazeti, kitabu, chochote kilichochapwa, umwombe akutafutie a. Huenda a ya kitabuni, yenye kikofia juu, hajawahi kuiona.