Mshale majini: papa wa wenzetu na kuhe wetu

Ziwa Tanganyika halina papa. Nalisema mapema kwa sababu dereva mmoja wa bodaboda pale kijiweni Kibirizi, mwaloni hapa Kigoma, nusura aape kwamba lina.

Kisa kilianzia kwenye video ya simu. Vijana watano wa Kimarekani, vifua wazi, wako ndani ya boti mbali na pwani. Wamemwaga damu na matumbo ya samaki majini, papa wamefuata harufu, na mmoja wao amesimama ubavuni na upinde umevutwa. Mshale ukatoka na uzi nyuma yake. Boya lililofungwa kwenye uzi likazama, likaibuka, likaanza kukimbia juu ya maji kama lina injini. Mwishowe wakampandisha mnyama wa urefu wa mtu mzima, wakapiga picha, wakapongezana.

Kijiwe kikagawanyika. Vijana walitaka kujua upinde ule unauzwa bei gani. Mzee mmoja, mvuvi wa dagaa tangu enzi za karabai, alirudisha kikombe cha kahawa chini na kusema kwamba samaki si shabaha. Nilidhani niko upande wa mzee, lakini kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyoona kwamba vijana nao walikuwa na hoja, hata kama wao wenyewe hawakuijua.

Hoja yenyewe ni kwamba mshale unachagua. Mtu anamwona samaki mmoja, anamlenga huyo, na wengine wanaendelea na safari yao. Sisi tunaomcheka Mmarekani, usiku tunawasha taa, dagaa wanakusanyika, tunainua wavu, na ndani yake wamo migebuka wachanga, samaki wakubwa kuliko dagaa, ambao wangeachwa wangekuwa mlo wa familia. Wavu haumuulizi samaki umri wake. Na kokoro, ule wavu wa kukokotwa hadi ufukweni? Tusilizungumze.

Tena papa hawakumalizwa na upinde. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba papa na samaki bapa waitwao taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, na mkosaji mkuu ni uvuvi wa kupita kiasi, ule wa meli zenye nyavu na mishipi ya kilomita kadhaa. Ukiwapandisha kizimbani marafiki watano na mishale yao huku meli hizo zikipita, utakuwa umemkamata mwizi wa kuku na kumwachia mwizi wa ng'ombe.

Hapo ndipo nilipotaka kufunga shauri, ila mwenzetu mmoja aliyekulia Tanga akalifungua upya. Kwao, alisema, papa anavuliwa kwa jarife, wavu wa matundu makubwa, na wazee walitumia chusa, mkuki wa kuvulia, kwa hiyo kumchoma samaki kutoka chomboni si jambo la ajabu. Kilichomshangaza ni zile picha. Papa ana urea nyingi mwilini, na akishakufa hiyo inageuka amonia. Asipopasuliwa na kusafishwa upesi, nyama yake inanuka kiasi kwamba hata paka anasita. Ndiyo maana pwani humkata haraka, wakamtia chumvi na kumwanika awe ng'onda. Katika video ile hakuna aliyeshika kisu.

Hilo lilinigusa kuliko mahubiri yoyote ya huruma kwa wanyama. Ukitaka kujua kama mtu anavua au anacheza, angalia kinachofuata baada ya samaki kuingia chomboni.

Kuna na jambo la pili, zito zaidi. Mwenye ndoana akigundua kwamba amevuta samaki asiyemtaka, anaweza kumrudisha majini, na mara nyingi ataishi. Mshale hauna toba. Chembe yake ina miiba ya kuzuia isichomoke, na uzi ukikatika samaki anaondoka na chuma mwilini. Kwa hiyo kule kuchagua nilikokusifu kunategemea jicho la mpigaji katika sekunde moja, juu ya boti inayoyumba, akitazama mgongo wa kijivu ndani ya maji yaliyotiwa damu. Papa wa jamii mbalimbali wakionekana kwa juu wanafanana mno. Jike mwenye mimba hana alama mgongoni. Na wengi wao huchelewa sana kukomaa, kisha huzaa watoto wachache baada ya kubeba mimba kwa karibu mwaka mzima. Dagaa ukimkosea leo, ziwa linaweza kukusamehe baada ya miezi. Papa ukimkosea, deni linachukua miaka mingi kulipika.

Kwa upande wa bahari, basi, msimamo wangu ni huu: anayemjua papa aliye mbele yake, akajua kwamba jamii hiyo haijapungua, na akaja na kisu na chumvi, simlaumu zaidi ya mwenye jarife. Wale watano wa kwenye video sioni cha kuwatetea.

Lakini vijana wa Kibirizi hawakuwa wanaifikiria bahari. Walikuwa wanawafikiria wageni wanaokuja kwenye hifadhi za Gombe na Mahale, kando ya ziwa letu. Kwa nini mgeni asikodishiwe mtumbwi na upinde, apige kuhe au sangala, samaki wakubwa wa ziwa hili, alipe dola? Swali si la kipuuzi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyekaa Kigoma miezi ile anajua mfuko mtupu ulivyo. Kijana anayetafuta njia nyingine ya kula kutokana na maji haya anastahili kusikilizwa.

Tatizo ni kwamba upinde unafika pale tu jicho linapofika. Sangala mkubwa hupenda kwenye miamba na vilindi. Anayekaa mahali peupe, penye mchanga, maji ya kina kifupi, akionekana vizuri kabisa, ni kuhe mwenye watoto. Dume na jike hulinda vifaranga vyao pamoja na hawakimbii hovyo. Wapo watafiti wanaoamini kwamba samaki huyu huzaa mara moja tu maishani. Ukimpiga mzazi mmoja, samaki wengine wanaongoja pembeni watawala vifaranga kabla hujamaliza kuvuta uzi. Maji yetu maangavu, yanayotupa sifa, ndiyo yangemweka mzazi mbele ya mshale kuliko samaki mwingine yeyote. Kisiwani Mafia wageni hulipa kuogelea kando ya papa potwe, na kesho yake samaki yuleyule anatazamwa na wageni wengine. Kuhe anayelinda watoto angeweza kutazamwa hivyohivyo, kwa miwani ya kuzamia tu.

Niliyasema haya, mzee akatikisa kichwa kukubali, vijana wakaguna. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshajitengenezea upinde wa fito. Akatumbukiza chupa iliyojaa mchanga kwenye maji ya kufika magotini, akarudi nyuma hatua chache, akalenga. Mishale mitatu ilipita juu ya chupa, kwa sababu maji hupinda mwanga na kitu huonekana kiko juu kuliko kilipo. Mzee, bila kuinuka, akamwambia alenge chini yake. Wa nne ukagonga.