Betri ya Shemeji na Swichi ya Mama Mkwe

Baridi ya Minnesota, Marekani, haiui betri iliyojaa. Maji ya betri iliyojaa hayagandi mpaka ifike kama nyuzi 57 za Selsiasi chini ya sifuri, na rekodi ya jimbo zima, iliyopimwa karibu na mji wa Tower tarehe 2 Februari 1996, ni nyuzi 51. Betri iliyobakiwa na nusu huganda kwenye nyuzi 23 hivi chini ya sifuri. Iliyokwisha kabisa hata nyuzi 10 haizihimili, kwa sababu asidi nyingi imeingia kwenye sahani za metali ya risasi na kilichobaki ndani ni maji, au karibu na maji. Kwa hiyo ukisikia betri imeganda Minneapolis, usipoteze muda kuuliza kulikuwa na baridi kiasi gani. Uliza nani alikuwa anaichaji.

Sasa ya shemeji ilikuwa inachajiwa. Tena kwa ripoti ya kila siku.

Shemeji anaendesha lori la masafa marefu. Akiondoka ni wiki tatu, Texas, California, huko kote, na Camry yake hubaki kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba, upande wa uchochoroni, halina hita. Majira yale dada alikuwa amejifungua, na mama mkwe wake alikuja kutoka Tanga kulea mzazi. Theluji ya kwanza aliitazama dirishani kwa muda, akauliza, "Ndiyo hii mliyoacha kwenu mkaifuata?"

Kabla ya kuondoka, shemeji alifunga chaja ya kutunzia betri. Si ile ya gereji inayounguruma kwa ampea 10, wala si ile ya kizamani inayosukuma umeme bila kujua pa kuishia mpaka maji yakauke. Yake ni ndogo, ampea 1.5: inapandisha betri hadi volti 14.4, ikijaa inashuka yenyewe kwenye 13.2 hadi 13.6 na kukaa hapo hata miezi. Koleo jekundu kwenye kichwa chanya, jeusi kwenye chuma cha bodi mbali na betri ili cheche isikutane na gesi, plagi ukutani mwisho kabisa. Alifuata mpangilio huo huo, nami sina neno. Taa nyekundu maana yake inachaji, ya kijani imejaa. Akamwambia dada: kila jioni mtu akaangalie kama taa inawaka.

Dada ana mtoto kifuani, kazi ikaangukia kwa mama. Kila baada ya Isha anavaa koti la mwanawe linalomfika magotini, anavuka ua, anarudi, kisha anamtumia mwanawe ujumbe wa sauti: "Inawaka, baba. Nyekundu. Lala salama." Shemeji akalala salama Texas, wiki zote hizo.

Siku ya kumpeleka mtoto kliniki, funguo ya rimoti haikufungua mlango. Dada akanipigia, maana kazi yangu ni umeme wa magari. Nikachomoa ule ufunguo mdogo wa chuma unaojificha ndani ya rimoti, nikafungua, nikavuta boneti. Chaja inawaka nyekundu. Betri ubavuni imevimba. Mita ikasoma volti 6 na ushee, wakati betri iliyojaa inatakiwa isome 12.6, na 12.2 tayari umebaki na nusu.

Shemeji kwenye simu, anaongea kwa raha ya mtu aliyevaa fulana: "Si uibusti tu, kaka, dakika mbili."

Betri iliyoganda haibustiwi. Barafu inakuwa imepinda sahani, huenda zimegusana, na ukisukuma ampea za gari jingine humo ndani unaomba plastiki ipasuke na asidi ikufuate usoni. Betri ikivimba tu, imekwisha. Nikachukua spana namba 10, nikatoa hasi kwanza kisha chanya, nikainyanyua, kilo 18 hivi za barafu na risasi. Dada akaleta beseni la kuiwekea. Mama akalitambua beseni.

"La kumwogeshea mjukuu wangu?"

Likarudi ndani. Betri ikapata ndoo ya rangi.

Mimi nikabaki na swali. Chaja imefungwa sawa, taa inawaka, na betri ni barafu. Nikaijaribu kwenye gari langu: volti zikapanda vizuri, haina ubovu. Nikasugua vichwa vya nyaya kwa brashi, havikuwa na kutu ya maana. Kitu kimoja tu kilinikera. Betri ya ampea-saa 60, hata ingekuwa nusu tupu, kwa ampea 1.5 inahitaji ampea-saa 30, yaani saa 20, ongeza chache za mwisho za polepole. Siku mbili, taa iwe ya kijani. Ripoti za mama zote zilisema nyekundu. Hakuna hata jioni moja ya kijani.

Mama akaja mlangoni. "Chai inapoa, mwanangu." Nikatangulia kutoka, yeye akafuata, na kama ilivyo ada yake akapitisha mkono ukutani akazima taa. Nikageuka. Taa ya banda imezimika, na ile nyekundu ya chaja imezimika nayo.

"Mama, hebu washa."

Akawasha. Nyekundu.

"Zima."

Giza tupu.

"Mama, hii swichi unaizima lini?"

"Kila nikishaangalia. Na mchana nikikuta wameiacha." Akaniona nimeduwaa, akaona anieleze taratibu. "Umeme unaisha, mwanangu."

Mtu aliyehesabu uniti za LUKU, umeme wa kununua kabla ya kutumia, miaka yote haachi taa ikiwaka kwenye banda lisilo na mtu. Tatizo ni kwamba aliyefunga umeme wa banda lile alivuta waya wa soketi kutoka kwenye taa, baada ya swichi. Soketi za namna hii zimejaa kwenye nyumba za Marekani, hata sebuleni. Kuitambua ni kazi ya dakika moja: chomeka taa ndogo, kisha zima na washa kila swichi iliyo karibu. Usipofanya hivyo, chaja inakudanganya kama taa ya friji: kila ukienda kuangalia, inawaka. Mama alikuwa anaipa betri nusu dakika ya umeme kwa siku, na kuithibitisha kwa sauti.

Bado, gari lililolala halimalizi betri hivyo. Kompyuta, rimoti na saa hunywa miliampea 50 au chini, na hata zikifika 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku; wiki tatu zinakula kama 25. Nikaiazima betri ya gari langu, nikaweka mita kati ya waya wa hasi na betri, nikafunga milango, nikasubiri nusu saa kompyuta zilale. Ikasoma miliampea 290. Nikachomoa fyuzi ya kamera ya dashibodi, ikaanguka hadi 40. Kamera ilikuwa imeungwa kwenye umeme usiozimika, ili gari likiegeshwa iendelee kulinda. Robo ampea mara saa 24 ni ampea-saa 6, na zile miliampea 40 zilizobaki zinaongeza karibu moja. Kwa siku tisa hivi ilikuwa imemaliza betri nzima ikirekodi giza la banda, kwa ubora wa juu kabisa.

Nilipomweleza shemeji, akasema basi siku nyingine atamwambia dada aliwashe gari dakika kumi kila Jumapili. Nikamkatalia. Betri ya baridi hupokea umeme polepole, na dakika kumi za kusimama, feni ya joto, taa na hita ya kioo cha nyuma vikiwashwa, hazirudishi kitu cha maana. Injini haipati joto, maji yanabaki kwenye ekzosi na oili, na ndani ya banda lililofungwa moshi ule unaua watu. Kama ni kuendesha, liende barabarani nusu saa na zaidi. Kama hakuna umeme kabisa, ichaji ijae, fungua waya wa hasi, basi: utapoteza saa na stesheni za redio, lakini baridi yenyewe inaizuia betri isijimalize.

Betri mpya ilikaribia dola 200, ya zamani ikarudishwa dukani wakapunguza kidogo. Kamera nikaihamishia kwenye fyuzi inayokufa funguo ikizimwa. Chaja nikaipandisha kwenye soketi ya darini, ile ya mota ya mlango, isiyojua habari za swichi, kwa ekstensheni ya nje iliyofungwa vizuri isiguse feni. Baada ya siku moja taa ikawa ya kijani.

Mama nilimweleza yote, pamoja na bei. Dola 200 alizigeuza kuwa shilingi kichwani, akakaa kitini. Nikamwambia sasa azime tu, mama, chaja iko juu, haina uhusiano tena na swichi. Akanisikiliza kwa heshima zote.

Shemeji aliporudi, gari liliwaka kwa mguso mmoja. Akatoka bandani, akazima taa, hajafika hata katikati ya ua dirisha la jikoni likafunguka.

"Nani kazima? Washa hiyo! Mnataka kuua betri nyingine?"

Akarudi akawasha. Inawaka mpaka leo, mchana na usiku, na chini ya swichi kuna plasta ya mtoto imeandikwa kwa kalamu: USIGUSE.